Mume wa Kwanza Yuko kwa Bibi

Afisa wa viza aliniuliza kama niliwahi kuolewa kabla ya Taeshik, nami nikajibu ndiyo.

Sikufikiri mara mbili. Dakika chache nyuma alikuwa ameniapisha niseme kweli tupu, na mimi kiapo nakiogopa. Sisi wa mji wa Thimi ni wafinyanzi. Bibi yangu alinilea akiniambia kwamba mtu akiapa uongo vyungu vyake hupasukia tanurini, na nimewahi kuona tanuri zima likitoka vigae vitupu.

Afisa huyo alikuwa mama wa makamo, Mkorea kama mume wangu. Kinepali chake kilinyooka kuliko changu, maana sisi nyumbani husema Kinewari, na shule niliiacha darasa la nne. Nilidhani aliyeijua lugha ameyajua na mambo ya wenyewe.

"Uliolewa lini?" akauliza.

"Nikiwa na miaka saba."

Kalamu yake ikasimama. "Saba?"

"Wengine walikuwa na sita. Siku ile tuliolewa wasichana kumi na wawili."

"Mkaolewa na mtu mmoja?"

"Hapana, mama. Kila mmoja na wake."

Akavua miwani, akaivaa tena. "Ndoa hiyo iliandikishwa popote?"

"Hapana. Alikuwepo kuhani tu, na wazazi wetu."

"Sasa huyo mume yuko wapi?"

"Yuko kwa Bibi."

"Mliachana?"

"Huyo haachwi."

"Basi alifariki."

Niliogopa, nikashika ncha za masikio yangu ili neno hilo lisimpate. "Hapana, yu mzima kabisa. Bibi humwangalia kila mwezi mpevu."

Aliandika muda mrefu. Mwisho akaniuliza, kwa sauti ya chini kama anayesema na mgonjwa, iwapo mume wangu wa sasa ana habari. Nikafikiri, nikaona kweli sikuwahi kumwambia Taeshik. Si kwamba nilimficha. Nani humweleza mumewe siku aliyonyolewa nywele za utotoni?

"Hajui," nikasema, "lakini hatakasirika."

Nilikuwa nazungumza juu ya beli langu. Beli ni tunda, limelingana na chungwa, gumu kama kifuu cha nazi. Kwetu Wanewari kila msichana, kabla hajavunja ungo, huozwa kwa mungu, na beli ndilo linalowekwa mapajani mwake siku hiyo badala ya huyo mungu. Mume wa pili ni mtu wa kawaida, anaweza kufa wakati wowote. Wa kwanza hafi, ilimradi tunda lisiingie ufa. Kwa hiyo mwanamke wa kwetu hata akifiwa na mume, habaki bila mume. Sijawahi kuona mtu akielezwa jambo hilo, na ndiyo sababu sikulieleza.

Wakati huo Taeshik alikuwa chumba cha pili akiulizwa maswali yale yale. Ndivyo wanavyofanya: huwatenganisha mke na mume, kisha hulinganisha majibu. Yeye alipoulizwa kama mkewe aliwahi kuolewa, alisema hapana, yeye ndiye wa kwanza.

Tukaitwa dirishani pamoja. Afisa aliziweka karatasi zetu mbili ubavu kwa ubavu, na juu yake pasipoti yangu, mpya, bado inanukia gundi.

"Majibu yenu hayapatani," akasema. "Nahitaji hati ya talaka, au cheti cha kifo, au barua ya serikali kuhusu hiyo ndoa ya kwanza. Nawapa siku saba. Zikipita, faili linafungwa, na kuomba tena ni baada ya miezi sita."

Mkataba wa kazi wa Taeshik ulikuwa umekwisha, na kibali chake cha kukaa Nepal kilibakiza siku tisa. Angeondoka, nami ningebaki mke wa simu, kama Rojina wa uani kwetu, ambaye mumewe yuko Qatar mwaka wa nne na mtoto wao humbusu baba kwenye kioo cha simu.

Nilitaka kueleza pale pale. Lakini nyuma yetu palikuwa na foleni, na mimi mbele ya watu ulimi wangu hugeuka udongo mkavu. Nikainama, tukatoka.

Taeshik aliwasha pikipiki bila kusema neno. Yeye ni mtu wa maneno machache. Alikuja Thimi kufunga matanuri ya umeme ya ushirika wetu, akakaa miezi akinisalimia kwa kichwa, nami nikimjibu kwa kichwa, hata tulipooana watu wakasema nyumba yetu itakuwa kimya mpaka paka ahame. Lakini kimya cha siku ile kilikuwa kingine. Nilikaa nyuma yake nikiona shingo tu, na shingo ilikuwa imekaza kama mpini.

Kabla ya daraja akasimama pembeni, akazima.

"Anaitwa nani?" akauliza bila kugeuka.

"Nani?"

"Mumeo."

"Hana jina. Yaani analo, lakini... Taeshik, ni tunda."

Akageuka. Nikamwonyesha kwa mikono ukubwa wake. Nikamweleza yote, kuhani, uzi wa manjano, wasichana kumi na wawili tukilia njaa kwa sababu tulikatazwa kula toka jana yake. Alivua helmeti, akaketi ukingoni mwa barabara, akajifunika uso. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu nikaona ni vyote viwili.

"Nimetoka kule nikiwaza nitamwambia mama nini," akasema. "Nilimwambia nimepata msichana mnyamavu. Nikawaza, kumbe ndiyo sababu ananyamaza."

Kesho yake tulikwenda ofisi ya kata tukiamini mambo yamekwisha. Katibu wa kata, Bwana Duwal, ni Mnewari mwenzetu. Alinisikiliza huku akichovya biskuti kwenye chai.

"Ukasema ndiyo?"

"Nilikuwa nimeapa."

"Mke wangu ana beli, mama yangu ana beli, binti zangu watatu wana mabeli, na wote wamejaza fomu za serikali. Hakuna hata mmoja aliyelitaja. Wewe umekwenda kumtangaza kwa wageni." Akamgeukia Taeshik. "Pole, bwana mdogo. Ulidhani una mume mwenzako."

Aliandika barua ya mistari mitatu: Rasmila Prajapati hakuwahi kuolewa kabla ya ndoa yake ya sasa. Chini akaacha nafasi ya dole gumba la mkubwa wa nyumba. Kwetu mkubwa wa nyumba ni Bibi, maana baba na mama walishatangulia.

Bibi alikuwa uani akisugua mabakuli ya udongo ya mtindi kwa jiwe laini kabla hayajakauka.

"Nisomee," akasema. Nikamsomea.

"Nani hakuwahi kuolewa?"

"Mimi, Bibi. Ni ya ofisini tu."

"Nilikupima kwa uzi wa manjano toka utosini mpaka kidole cha mguu, mara mia na nane, mgongo ukaniuma wiki nzima. Baba yako akakubeba mabegani kwa sababu ulikataa kutembea na sari. Leo hukuolewa?"

"Ni karatasi tu, Bibi."

"Kama ni karatasi tu, mbona mnaihangaikia?"

Akaliweka bakuli chini.

"Babu yako alipokufa nilikuwa na miaka ishirini na sita. Shemeji zangu walikuwa wameanza kuiga mambo ya wakubwa wa mjini. Wakataka nivue bangili, nivae nyeupe, nile peke yangu jikoni. Mama yangu akaja toka kwao amebeba beli langu kwenye ungo. Akaliweka kizingitini, akawaambia, mume wake huyu hapa, mnamwona, mjane ni nani humu? Wakanyamaza. Nimevaa nyekundu mpaka leo." Akavuta ukingo mwekundu wa sari yake nyeusi kana kwamba sijawahi kuuona. "Huyu wako ni mtu mwema. Watu wema nao hufa. Siku hiyo utakuwa mbali, katikati ya watu wasiokujua, na mimi nimekwishaweka dole langu kwamba huna mwingine. Siweki."

"Bibi, faili litafungwa."

"Na lifungwe."

Akaendelea kusugua.

Siku ya tatu ikapita, na ya nne. Bwana Duwal alinipigia simu. "Leta dole la yeyote, binti. Madole yote yanafanana." Rojina akasema yuko tayari kutoa lake. "Au karibu chamani kwetu," akaongeza. "Sisi wake wa simu tuna raha. Mume akikuudhi unamzima." Nilicheka, lakini nilimwona akifuta kioo cha simu yake kwa upindo wa shali, polepole, kama anafuta uso wa mtu.

Palikuwa na jambo lingine ambalo niliona haya kumwambia hata Taeshik. Hata dole lingepatikana, ile barua nisingeweza kuipeleka. Niliapa kwamba nilishaolewa. Nikienda kuapa kwamba sikuolewa, mojawapo ni uongo. Tena beli lile lilikuwa langu. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naliwekea wali kwa siri, na nikipigwa shuleni nalo ndilo la kwanza kuambiwa.

Asubuhi ya siku ya tano Taeshik, ambaye siku zote hizo alikuwa akifunga na kufungua begi lile lile, alikwenda kupiga magoti mbele ya Bibi.

"Bibi, naomba kumwona."

"Kumwona nani?"

"Mkubwa wangu."

Bibi akamtazama kama anayetazama chungu kabla ya kukigonga. Akaingia ndani, akatoka na sanduku dogo la bati lililojaa mpunga. Katikati ya mpunga kulikuwa na kitambaa chekundu, na ndani ya kitambaa beli langu, limekuwa jeusi na jepesi, mbegu zikilia kwa ndani. Taeshik alilipokea kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, kama kwao wanavyopokea kitu mbele ya mtu mzima.

"Shikamoo, kaka," akaliambia kwa Kinepali chake cha kuungaunga. "Samahani. Miezi yote hii naishi kwako, sijaja kukuamkia."

Bibi akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. "Anakusamehe," akasema. "Si mtu wa kinyongo."

Taeshik hakucheka. Aliligeuza taratibu akitafuta ufa, kama anavyokagua matofali ya tanuri. Halafu akauliza, "Kwa nini barua iseme hayupo? Ikisema yupo, itakuwaje?"

Tukatazamana, mimi na Bibi.

"Ikisema yupo," Bibi akasema, "naweka madole yote kumi."

Nilikwenda kwa Bwana Duwal peke yangu. Njiani nilirudiarudia maneno yangu kama mtoto aliyetumwa dukani, na mlangoni nusura nirudi nyumbani.

"Nataka uandike kwamba niliolewa," nikasema. "Na beli. Na kwamba lipo."

"Binti, ofisi ya serikali haiwezi kuliandikia tunda barua."

"Mwaka jana ulimwandikia nyati wa Shangazi Purna cheti cha kifo."

"Ile ilikuwa ya bima."

"Na hii ni ya viza."

Hayo ndiyo maneno makali kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu wa ofisini. Bwana Duwal alinitazama, akatazama biskuti yake iliyokwisha kuzama kikombeni, akavuta karatasi mpya. Alianza kwa kuguna, lakini alipofika katikati niliona ameanza kunogewa. Akanisomea:

"Inathibitishwa kwamba Rasmila Prajapati, mkazi wa kata hii, aliozwa akiwa na umri wa miaka saba kwa tunda la beli, kama ilivyo desturi ya Wanewari. Tunda hilo lipo, ni zima, halina ufa, na linatunzwa na bibi yake. Tunda hilo si binadamu, halina uraia wa nchi yoyote, na kisheria haliwezi kuzuia ndoa ya pili wala kudai chochote. Ofisi hii haina pingamizi."

"Lina adabu kuliko wakazi wengi," akasema, akagonga muhuri.

Bibi aliweka dole gumba la kulia, akaomba aweke na la kushoto. Tukampiga picha ameketi kizingitini, beli mapajani, Taeshik amechuchumaa pembeni. Beli lenyewe alikataa lisitoke. "Barabara zenu mashimo matupu," akasema. "Apate ufa kwa ajili ya dirisha la ofisi?"

Siku ya saba alitupa yai la kuchemsha, samaki mkavu na pombe ya mchele kwenye kikombe cha udongo, kama anavyopewa kila anayeanza safari. Niliimaliza yote. Ikanipa ujasiri wa robo saa, na mpaka ofisini ni mwendo wa saa nzima.

Afisa alikuwa yule yule. Aliisoma barua mara mbili. Picha aliitazama muda mrefu zaidi.

"Bwana Noh," akamwambia Taeshik kwa Kinepali, nadhani ili nami nisikie, "unajua kwamba mke wako ana mume?"

"Najua. Nimeshamwamkia."

Akanigeukia mimi. "Jibu lako la kwanza limo kwenye faili, siwezi kulifuta. Inabidi uandike maelezo mwenyewe, kwa mkono wako, hapa mbele yangu." Akanisogezea fomu. Swali lilikuwa lile lile, na chini yake visanduku viwili, ndiyo na hapana. Akainama kidogo kwenye kitundu cha dirisha. "Fomu hii inauliza juu ya watu. Ukitia alama kwenye hapana hutakuwa umedanganya. Mimi nimekwishaelewa."

Alikuwa ananionea huruma, niliona. Na hapana ilikuwa karibu kabisa na ncha ya kalamu yangu. Nikamfikiria Bibi akiwa na miaka ishirini na sita, shemeji zake wamemzunguka, mkono mmoja ukificha bangili za mkono mwingine. Nikatia alama kwenye ndiyo.

Nafasi ya maelezo ilikuwa mistari minne. Naandika polepole. Foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa, lakini safari hii sikuinama isipokuwa kwa ajili ya kuandika. Niliandika hivi:

"Mume wangu wa kwanza ni beli. Sijaachana naye. Amebaki kwa Bibi na ni mzima. Mume wangu wa pili ni Noh Taeshik. Yeye ni mtu. Nataka kwenda naye."

Afisa akasoma.

"Niko hapa mwaka wa sita," akasema. "Nilidhani nimewajua." Akaibana karatasi yangu kwenye faili, na juu yake akaibana picha ya Bibi, ingawa hakuna fomu iliyodai picha ile. "Tutawapigia."

Walipiga kesho yake alasiri. Nilipokea simu mikono ikiwa na udongo, na mpaka leo kuna alama ya dole kwenye kioo ambayo sijaifuta. Siku ya tisa tuliondoka pamoja. Bibi hakuja uwanja wa ndege. Alisimama mlangoni, sanduku la bati kwapani, akasema, "Huyu wangu hali, hanywi, haumwi. Wewe ndiye umechukua mwenye kazi. Mtunze."

Udongo wa huku kwao Taeshik ni mweupe, bado haujanizoea. Jumamosi Rojina humpelekea Bibi simu, akamshikia. Bibi hana salamu ndefu.

"Wako hajambo?"

"Hajambo, Bibi. Mafua tu kidogo. Na wa huko?"

Namsikia akifungua bati, mpunga ukimwagika kidogo. Kisha analisogeza karibu na simu na kulitikisa, mpaka mbegu zinanifikia sikioni. Taeshik, popote alipo ndani ya nyumba, huacha anachofanya akasikiliza.

"Hana ufa," anasema Bibi.